Mjadala: Somo la saikolojia ya jamii liwe la lazima au la hiari kwa wanaosomea afya ya akili Uganda?

Mwanzisha mada (mkufunzi, magharibi mwa Uganda)

Ndugu zangu, naleta jambo lililoninyima raha muhula mzima. Chuoni ninakofundisha kuna pendekezo la kulifanya somo la saikolojia ya jamii kuwa la hiari, ili saa zake wapewe watu wa takwimu na upimaji. Wanasema waajiri wanatafuta vijana wanaojua kujaza fomu za uchunguzi na kuchambua majibu. Mimi nasema liwe la lazima, tena lifundishwe kwa jicho la kuhoji: kipimo hiki kilitungwa na nani, kwa ajili ya watu gani, na nani ananufaika pale mateso ya watu wengi yanapoandikwa kuwa ugonjwa wa mtu mmoja mmoja.

Historia yetu ya Afrika Mashariki inatosha kunipa sababu. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kazi ya Carothers, daktari aliyeongoza hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari kule Nairobi. Alidai sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, ni nadra kwa Mwafrika, akafika hadi kumlinganisha Mwafrika mzima na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata akaandika ripoti kuhusu Mau Mau kwa ajili ya serikali ya kikoloni, na uasi wa watu walionyang'anywa ardhi ukageuka kuwa suala la akili zilizovurugika. Yule hakuwa mjinga. Alikuwa na wodi, mafaili na idadi za wagonjwa. Kilichokosekana ni mtu wa kumuuliza kwa nini waliofikishwa wodini ni hawa na si wale.

Sasa tazameni fomu ya maswali tisa ya kupima sonona, ambayo wanafunzi wetu wanaikariri kama sala. Unaulizwa kuhusu wiki mbili zilizopita: usingizi, uchovu, hamu ya kula, kukata tamaa. Kila jibu linapata alama 0 hadi 3, jumla haizidi 27, na kuanzia 10 unahesabiwa kuwa na dalili za kushughulikiwa. Fomu hiyo ilitengenezwa Marekani kwa ufadhili wa kampuni ya dawa ya Pfizer. Haina hata swali moja kuhusu kodi ya nyumba, mgao wa chakula uliopunguzwa au shamba lililochukuliwa na shemeji baada ya mume kufa. Mwanafunzi asipofundishwa kuuliza hayo, nani atamfundisha?

Muuguzi wa afya ya akili, Kampala

Mwalimu, nakuheshimu, lakini leo sitakubaliana nawe haraka.

Mimi nimo wodini mwaka wa 14 huu. Nimempokea kijana aliyefungwa mnyororo kwenye kambi ya maombi hadi kifundo cha mguu kikaoza. Familia yake walikuwa na maelezo ya kijamii ya kila namna: wivu wa jirani, ardhi, laana ya babu. Walichokosa ni mtu wa kuwaambia kwamba hii ni skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwepo, ina dawa, na dawa inasaidia. Baada ya wiki sita alikaa na mama yake wakala pamoja. Hatujawafikia wagonjwa wa kutosha hata tuanze kulalamika kwamba tunaita watu wagonjwa kupita kiasi. Nchi ina watu zaidi ya milioni 45 na madaktari bingwa wa akili ni wachache mno. Ukimjaza mwanafunzi mashaka kabla hajajua kutambua ugonjwa, atakuja wodini akiwa hodari wa kukosoa na mzito wa kutibu.

Tena umesimulia nusu ya historia. Carothers aliangushwa na nini? Miaka ya 1970 watafiti Orley na Wing walipima watu katika vijiji viwili vya Uganda kwa mahojiano yaleyale yaliyokuwa yakitumika London. Matokeo, yaliyochapishwa 1979, yalionyesha sonona ilikuwa nyingi zaidi vijijini kwetu kuliko Camberwell, kusini mwa London. Kipimo cha kigeni ndicho kilichothibitisha kwamba Mwafrika naye anaumia moyoni. Hilo nalo uwafundishe.

Mkalimani, makazi ya wakimbizi ya Nakivale

Nisamehewe Kiswahili changu cha Kongo. Nimetafsiria watafiti wengi hapa, na ningependa mnisikilize kidogo.

Kwanza hilo neno "sonona". Hapa hakuna anayelisema. Mtu atakwambia "niko na mawazo mingi", au "roho inauma", au atasema tu "silali". Mawazo mingi si kufikiri kwingi peke yake. Ndani yake kuna deni, kuna mtoto aliyebaki njiani, kuna barua ya kuhamishwa nchi ya tatu isiyofika. Ukiyafupisha kwa neno moja la kitabuni, mtu anaona aibu, anajibu "hapana", na wewe unaandika 0.

Siku moja, baada ya mgao kupunguzwa, nilimtafsiria mama mmoja. Tulipofika swali la hamu ya kula akanitazama mimi, si mtafiti, akasema: "Hamu ninayo. Chakula ndicho sina." Nikamwambia mtafiti vilevile alivyosema. Akafikiri, akauliza kama anakula kidogo kuliko kawaida. Nikasema ndiyo. Akaandika 3. Swali la kulala: mama hakulala kwa njaa na kwa kuwaza watoto. 3. Uchovu: 3. Maswali hayo matatu ya mwili peke yake yakampa mama 9, ikabaki moja tu kufika kumi, na maswali ya moyo yakamvusha. Akaandikiwa kwenda kupata ushauri nasaha. Alikwenda, kwa sababu alidhani huko watamwongezea unga.

Sisemi mama yule hakuwa na huzuni. Alikuwa nayo kubwa. Nasema fomu haikuona tofauti, na mimi niliyeiona sikuwa na mahali pa kuiandika. Mtafiti hakurudi. Wengi hawarudi.

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Gulu

Mimi ni Mwacholi, nimekua nikisikia habari za kambi za watu waliokimbia vita vya kaskazini. Nakubaliana na mwalimu, ila nina jambo moja. Darasani tulifundishwa kwamba mtu aliyerudi kutoka msituni, mikononi mwa waasi wa LRA wa Joseph Kony, ana kiwewe, na hicho kiwewe kiliingizwa katika mwongozo wa Wamarekani wa kutambua magonjwa ya akili mwaka 1980, baada ya vita vya Vietnam. Kijijini wazee wanasema ana cen, roho za waliouawa zinazomfuata, na ukoo lazima ushiriki kumtakasa. Ukimsikiliza mwalimu unaweza kudhani cha wazee ndicho chetu na kwa hiyo ni chema. Lakini wasichana waliorudi na watoto walikataliwa kwa jina hilohilo la cen. Watu walikwepa hata kuketi nao. Kama tunahoji, tuhoji pia mezani kwa babu zetu.

Mwanzisha mada

Mwanangu wa Gulu, umenirekebisha na nimekubali. Nitalibeba darasani jinsi ulivyolisema.

Dada muuguzi, nakubali hoja ya Orley na Wing, na ni kosa langu kuiacha. Ila niongeze jambo: Orley, kabla ya kuhesabu, aliandika kitabu kizima mwaka 1970 kuhusu namna watu wa Buganda wanavyouelewa ugonjwa wa akili. Aliuliza kwanza, akapima baadaye. Hali kadhalika jaribio la tiba ya vikundi vya mazungumzo katika vijiji 30 vya Rakai na Masaka, lililochapishwa 2003. Walianza kwa kuwauliza wenyeji wanateswa na nini, wakapewa maneno mawili ya Kiganda, *okwekyawa*, yaani kujichukia, na *okwekubazida*, kujihurumia. Ndipo wakarekebisha kipimo kiendane na hayo. Vikundi viliongozwa na watu wa huko waliofunzwa kwa wiki mbili tu, wakakutana wiki 16. Waliobaki na sonona katika vijiji vyenye vikundi walikuwa asilimia 6.5, na katika vijiji vingine asilimia 54.7. Kuhoji hakukuchelewesha tiba. Kuliifanya ifike.

Kuhusu mnyororo sina la kukupinga. Somo ninalolitetea halimwambii mwanafunzi kwamba skizofrenia haipo. Frantz Fanon mwenyewe, daktari wa akili aliyepinga ukoloni na tunayempenda kwa maandishi yake, alikaa wodini Blida, Algeria, tangu 1953 hadi alipojiuzulu 1956. Alifungulia wagonjwa mkahawa wa Kiarabu hospitalini, akawatibu, na ndipo akasema hospitali haiwezi kumponya mtu anayefanywa mgeni katika nchi yake. Haki ya kusema hivyo aliipata akiwa kazini.

Kwa hiyo nabadili pendekezo langu. Somo liwe la lazima, lakini lisifundishwe ukumbini peke yake. Nusu ya saa zake mwanafunzi awe wodini chini ya mtu kama wewe, nusu awe makazini au kijijini, akiongozana na mkalimani anayelipwa kama mwalimu na jina lake kuandikwa kwenye utafiti. Na kila fomu atakayoijaza aache nusu ukurasa mweupe nyuma, aandike yale ambayo maswali tisa hayakuuliza. Nusu ukurasa huo usahihishwe kwa alama sawa na hesabu za mbele.

Mkalimani, Nakivale

Huo nusu ukurasa nausubiri. Mimi ninayo ya miaka saba kichwani.

Muuguzi wa afya ya akili, Kampala

Wanafunzi wako nitawapokea, mwalimu. Ombi langu moja: usiwalete wiki dawa zinapofika. Walete zile wiki mbili za mwisho wa mgao, stoo ikiwa tupu, wakati familia imetoka mbali kwa nauli ya kukopa na mimi nawaandikia karatasi wakanunue duka la nje. Hapo ndipo waandike nyuma ya fomu, nami nitasoma walichoandika.