Wakuu mlioko New York, hizi sheria za kutoa pipa la taka zikoje? Mwenye nyumba anataka nilipe faini

MamaZuhura_Bronx
Habari zenu jamani. Nyumba yetu ni ya familia tatu, mi nakaa chini. Jana mwenye nyumba kaja na faini ya dola 50, eti kuna mifuko imekutwa nje mchana bila pipa na ni lazima itakuwa ya kwangu kwa vile nafanya kazi usiku. Pipa lenyewe liko moja tu, halina mfuniko, linajaa siku mbili. Hivi pipa anunue nani?

Mzee_wa_Queens
Pole sana mwanangu. Tangu 12 Novemba 2024 nyumba ya familia 1 mpaka 9 taka zote ziwe kwenye pipa lenye mfuniko wa kufunga vizuri, lisizidi galoni 55, mifuko ya taka bila pipa pembeni ya barabara hairuhusiwi tena. Unalitoa jioni ya kuamkia siku ya gari la taka, kuanzia saa 12. Zamani ilikuwa saa 10, wakasogeza Aprili 2023 kwa ajili ya panya maana mifuko ilikuwa inalala nje masaa mengi mno na wale wadudu wanakula wanashiba. Siku zingine pipa likae ndani ya eneo la nyumba. Faini mara ya kwanza 50, ya pili 100, ya tatu 200, na inaandikwa jina la mwenye nyumba, sio mpangaji!

kibibi_bk
Dada usitoe hata senti kabla hujausoma mkataba wako. Mapipa ni kazi ya mwenye nyumba, familia tatu pipa moja haiwezekani kabisa. Mwandikie meseji ili ushahidi ubaki, akikaa kimya piga 311, namba ya huduma za jiji, wana wakalimani. Na makombo usichanganye, tangu Oktoba 2024 maganda ya ndizi, ugali uliolala, mpaka mifupa, vyote vina pipa lake peke yake. Maboksi nayo kivyake, chupa na makopo kivyake.

MamaZuhura_Bronx
Asanteni mno. Ila saa 12 jioni ndo naingia kwenye treni, nifanyeje?

Mzee_wa_Queens
Ongea na hao wa juu mpeane zamu, wao watoe jioni, wewe ukirudi asubuhi gari likishapita unayarudisha ndani.