Mrejesho: Tulimpeleka mwanangu Science Museum, London

Wapendwa, niliwauliza namna ya kumpeleka mwanangu wa miaka 8 mwenye usonji Science Museum bila kelele kummaliza. Tumeenda!

Aliyenitajia Early Birds, Mungu akubariki. Ni asubuhi maalumu ambazo makumbusho hufunguliwa mapema kwa familia kama zetu, kabla ya umati. Nafasi unahifadhi kabla. Usiku wa kuamkia tulipitia naye maelezo ya picha yaliyo kwenye tovuti yao, akajua anakokwenda.

Kilichotutesa ni choo. Zile mashine za kukaushia mikono zinanguruma jamani! Hata na vifunika masikio aliruka, tukajifuta kwa tishu tukatoka mbio. Njia ya chini kwa chini kutoka stesheni ya South Kensington nayo ina mwangwi, kwa hiyo tulipita juu barabarani.

Baba yake alitaka tuzunguke ghorofa zote. Nikakataa. Mtoto aliganda mbele ya chombo cha Apollo 10, kilichozunguka Mwezi mwaka 1969, akichunguza alama za kuungua, nasi tukamwacha. Saa nne umma ulipoanza kuingia, tukaondoka akiwa bado na furaha.