Kupaka rangi upya paneli ya sintesaiza na kuiandika kwa Kiswahili: herufi nyeupe nizipateje?

Mchuja Sauti ameuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Ninayo sintesaiza (kinanda cha umeme kinachounda sauti) ya zamani ambayo uso wake ni wa bati la chuma na mbavu zake mbili ni za plastiki. Bado inalia vizuri, ila maandishi mengi ya kwenye paneli yamefutika, na rangi imebanduka pale mkono unapoegemea. Nakusudia kuipaka kijani kilichokolea na kuandika upya majina ya nobu (vifundo vya kuzungusha) kwa herufi nyeupe, tena kwa Kiswahili, maana anayeitumia zaidi siku hizi ni binti yangu na nimechoka kumtafsiria kila nobu.

Nilijaribu kuchapa maneno hayo kwa printa ya nyumbani kwenye karatasi angavu ya kuhamishia, ile inayoloweshwa majini ndipo filamu yake iteleze juu ya kifaa. Karatasi ilitoka kama ilivyoingia, haina hata nukta. Je, herufi nyeupe hupatikanaje? Na je, rangi moja inafaa kwa chuma na kwa plastiki? Mwisho, naomba msaada wa maneno kwa zile nobu nne zinazotawala sauti tangu kidole kinapobonyeza hadi kinapoachia, kwa kuwa kila nililobuni linanichekesha.

Fundi Msasa amejibu:

Ndugu Mchuja Sauti, printa yako haina kosa. Printa za kawaida hazina wino mweupe. Weupe tunaouona kwenye kurasa ni wa karatasi yenyewe, kwa hiyo ukiiagiza ichape nyeupe juu ya filamu angavu haitaweka chochote. Wenye kazi ya paneli nyingi hutengeneza skrini ya kuchapia yenye kitambaa chembamba, nyuzi 90 hadi 120 kwa sentimita, ili herufi ndogo zisivujiane, lakini kwa paneli moja huo ni usumbufu mtupu. Ningekuwa wewe ningechagua kati ya herufi nyeupe za kusugua, ambazo huhama kutoka kwenye karatasi yake unapoikandamiza kwa kijiti butu, na kuchonga kwa leza. Katika njia ya leza unapulizia nyeupe kwanza, kisha kijani juu yake, halafu leza inachoma kijani peke yake hadi nyeupe itokeze. Andaa kipande kingine cha bati chenye tabaka zilezile ili mwenye mashine apime nguvu ya leza hapo kabla hajaigusa paneli yako.

Kuhusu rangi, kinachotofautisha chuma na plastiki hasa ni praima, yaani rangi ya chini inayoshikisha ile ya juu. Chuma kisafishe mafuta kwa alkoholi ya isopropili, ukikwaruze kwa msasa namba 400 na ukipake praima ya chuma. Plastiki ya vifaa vya aina hii aghalabu ni ABS, ambayo asetoni huiyeyusha na tina kali huilainisha, hivyo isafishe kwa maji ya sabuni na uipake praima iliyoandikwa kwamba ni ya plastiki. Atakayekushauri upakaji wa rangi ya unga mwambie kwamba rangi hiyo huokwa kwa nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi. Bati tupu litavumilia, mbavu zako zitageuka uji.

Pulizia tabaka nyembamba, wala usitamani kumaliza kwa mkupuo mmoja. Unene wa rangi hujilimbikiza pia kwenye kingo za matundu. Niliwahi kurudisha vitufe katika mashine ya midundo niliyoipamba kwa siku tatu, nikabonyeza cha kuanzishia mdundo, kikaingia na hakikutoka tena. Ilinibidi nifungue kila kitu na kukwangua matundu 16 kwa kisu, na kila tundu likabaki na pete ya bati iliyonikera mpaka leo.

Vanishi ya juu ndiyo huharibu kazi nyingi. Ukiipulizia ikiwa tepetepe juu ya herufi za kusugua, viyeyushi vyake huzikunja kama ngozi ya maziwa yaliyopoa. Simama umbali wa sentimita 30 hivi, acha ukungu wa kwanza utue ukiwa karibu mkavu, subiri, kisha urudie. Jaribu kwanza kwenye kile kipande cha bati.

Kabla ya hayo yote chomoa waya wa umeme na uiache mashine itulie, kwa kuwa kapasita (vipande vinavyohifadhi umeme) za sehemu ya umeme huweza kubaki na chaji. Piga picha za kila waya unaong'oa. Kibandiko cha nyuma chenye voltaji na namba ya kifaa kizibe kwa tepi ya karatasi. Fundi wa kesho atakihitaji.

Bi. Herufi amejibu:

Kaka Mchuja Sauti, mimi nitasemea maneno. Nadhani kinachokuchekesha ni kwamba umeandika Kupanda, Kushuka, Kudumu na Kuachia. Yatazame hayo manne yakiwa yamepangwa mstari mmoja, tena kwa herufi za milimita 2 katika chumba chenye mwanga hafifu: yote yanaanza na KU, na jicho halina pa kushika. Ondoa hiyo KU. Andika PANDA, SHUKA, DUMU, ACHIA. Yanakuwa mafupi, yanatosha juu ya nobu, na yanasomeka kama amri, jambo ambalo kwa mashine si ukosefu wa adabu. Usithubutu kuandika ZIMA kwenye ile ya nne, kwa sababu siku moja mtu atadhani ndiyo swichi ya umeme. Kichujio, yaani sehemu inayopunguza baadhi ya masafa ya sauti, kiite CHUJA, na ile nobu inayokifanya kivume karibu na masafa kinapoanzia kukata iite MVUMO.

Kuhusu vipimo vya kuzunguka nobu, potenshomita nyingi (vile vipande vya umeme vinavyozungushwa na nobu) huzunguka takriban nyuzi 300, ingawa zipo za 270, basi pima yako kwanza. Ikiwa ni 300, alama za 0 hadi 10 zinaachana kwa nyuzi 30 kamili, kama namba za kwenye saa ya ukutani: sifuri inakaa palipoandikwa 7 na kumi inakaa palipoandikwa 5. (Nasema palipoandikwa, maana nilipomwelekeza mwenzangu kwa simu kwamba aanzie saa saba, alichora alama zote kuanzia kwenye 1.)

Mlinzi wa Vya Kale amejibu:

Mimi ningekuomba usiipake rangi kabisa. Paneli ya asili ikishapigwa msasa hairudi, na atakayeimiliki baadaye hatakuwa na hiari. Piga skani paneli hiyo kwa kipimo chake halisi, chora upya maneno yako, uchapishe kinyumenyume upande wa chini wa plastiki angavu nyembamba, kisha uilaze juu ya bati na kuibana kwa nati zilezile za potenshomita. Vidole havitagusa wino kamwe, na ukichoka unaivua.

Mchuja Sauti amejibu:

Nawashukuru nyote. Mzee Mlinzi, hoja yako nimeipima, ila kwangu pale mkono unapoegemea kutu imeshaanza, hivyo msasa hauepukiki; nitaipiga skani kabla sijaigusa. Bi. Herufi, binti amesoma yale maneno manne na amecheza na nobu zote bila kuniita. Fundi, limebaki moja: rafiki yangu aliipaka ya kwake, na tangu siku hiyo inanguruma hata isipopigwa. Je, ni rangi?

Fundi Msasa amejibu:

Huenda ikawa ni rangi, kwani haipitishi umeme. Ikiwa paneli ilikuwa imeunganishwa na kasha, na kupitia kasha na arthi, kwa njia ya skrubu na kingo zake, basi amekata njia hiyo. Mwambie achomoe waya wa umeme, akwangue rangi upande wa ndani pale skrubu zinapokaa, na aweke washa (pete za chuma za kwenye skrubu) zenye meno. Wewe pima kwa multimita sasa hivi, kabla hujapaka, kati ya paneli na kasha, ukiwa umechomoa waya wa umeme. Ukipata chini ya omu moja, ziba sehemu hizo kwa tepi kabla ya praima, kisha upime tena ukishafunga.