Naombeni ushauri: mchezaji kamili wa besiboli nampimaje kwa namba?

Mgeni_Ohio
Wakuu salaam. Mwaka wa tatu huu niko Marekani, na ghalani kwetu saa ya chakula stori ni besiboli tu. Sasa nimeingizwa kwenye ubishi: kila mtu ataje msimu mmoja, kuanzia 2015, wa mchezaji aliyekamilika kuliko wote, atetee kwa takwimu. Atakayeshindwa anatununulia pitsa Ijumaa. Kukamilika kwao ni mambo matano: kupiga mara kwa mara, kupiga mbali, mbio, kudaka na kurusha.

Nimepata kanuni ya Bill James, mchambuzi wa takwimu za besiboli: zidisha homurani (mipira aliyoipiga hadi nje ya uwanja) kwa besi alizoiba (vituo alivyowahi kwa mbio bila mpira kupigwa), zidisha tena kwa 2, gawa kwa jumla ya homurani na besi hizo. Shohei Ohtani 2024, homurani 54 na besi 59, anapata 56.4. Ronald Acuña Jr. 2023, 41 na 73, anapata 52.5. Niende na Ohtani, au naingia choo cha kike?

KipangaMweusi
Unaingia, mkuu. Kanuni ni nzuri kwa kuwa haimbebi mtu wa upande mmoja: homurani 40 na besi 2 inampa 3.8 tu. Ila kwenye mambo yako matano imegusa mawili. Ohtani 2024 alikuwa anapiga tu. Kiwiko kilitoka kwenye upasuaji, msimu mzima hakusimama uwanjani kudaka.

Babu Kidonge
Mtu anarusha kilomita 160 kwa saa, mnasema hana mkono?

KipangaMweusi
Babu, 2024 hakurusha. Ubishi ni wa msimu mmoja.

MamaNuru
Na hizo 73 za Acuña msizimeze nzimanzima. 2023 ligi ilibadili sheria: besi zikakuzwa kutoka inchi 15 hadi 18, na mrushaji akapunguziwa nafasi za kumvizia mkimbiaji. Besi za wizi ligi nzima zikaruka kutoka 2,486 hadi 3,503 kwa mwaka mmoja. Mwizi wa zamani alikuwa na kazi ngumu zaidi.

Mgeni_Ohio
Dah. Kudaka napimaje sasa? Nihesabu makosa?

KipangaMweusi
Hapo ndipo wengi wanapigwa. Mzito asiyeufikia mpira haandikiwi kosa, kwa hiyo kwenye karatasi anaonekana msafi kuliko aliyekimbia, akaugusa, ukamponyoka. Angalia outi alizopata (wapinzani aliowatoa) kuzidi wastani wa wanaocheza nafasi yake. Mbio pia, usiishie kwenye besi za wizi: Statcast, mfumo wa vipimo wa ligi, inapima kasi yenyewe, wastani ni futi 27 kwa sekunde, anayefika 30 ni moto. Kisha fanya kama maskauti, wale wasaka vipaji: kila jambo lipe alama 20 hadi 80, 50 ikiwa wastani. Usijumlishe! Tazama ile ya chini kabisa, ndipo anapovuja.

Bobby Witt Jr. 2024: wastani wa kupiga .332 (kama mapigo 33 yaliyofanikiwa kwa kila 100), homurani 32, besi 31, na Gold Glove, tuzo ya mdakaji bora wa nafasi yake. Mookie Betts 2018: .346, 32, 30, naye Gold Glove. Kanuni yako inawapa kama 31 kila mmoja.

MamaNuru
Na Betts aliiba zake kabla ya sheria mpya 😉

Mgeni_Ohio
MREJESHO: Nilienda na Betts. Jamaa wa forklifti akaja na Ohtani, na kanuni ileile, kaiandika juu ya boksi kwa maka peni. Nikamuuliza tu, mwaka ule alidaka mipira mingapi? Ya kwangu niliagiza yenye uyoga.