Nina disleksia, nimeongezewa muda wa pepa, inatosha kweli?

Mwandiko_Kuku: Wadau habarini. Niko mwaka wa pili, nina disleksia (ile shida ya kusoma na kuandika maneno), nimejua juzijuzi tu baada ya kupimwa, miaka yote najiona kilaza. Kinachonichanganya ni kwamba asaimenti napiga vizuri, prezentesheni ndo usiseme, ila ikifika pepa ya mwisho naangukia pua. Muhula uliopita maswali ya kuchagua, swali linasema "ipi kati ya hizi siyo", nimelisoma mara mbili na mara zote jicho limeruka hiyo "siyo", nikachagua jibu sahihi la swali ambalo hakuna aliyeuliza 😂. Sasa wameniongezea robo ya muda. Inasaidia au ndo muda wa kuteseka zaidi?

Sitini_na_Tatu: Pole mkuu. Inasaidia, ila inategemea unakwama wapi. Wewe unachelewa kutambua maneno kwa hiyo dakika zinafidia. Mimi nina diskalkulia, yaani shida ya namba na hesabu, hata unipe siku nzima, nikihamisha 63 kwenda mstari wa chini inashuka 36. Kilichoniokoa ni kuruhusiwa kikokotoo na karatasi ya fomula basi. Halafu wenye ADHD, ile shida ya kutulia na kukaza akili, ndo kabisa, pepa ya masaa matatu ukiongeza robo ni masaa matatu na dakika 45 umekaa kitako, wale wanataka mapumziko saa ikiwa imesimamishwa, na chumba kisicho na watu wa kukohoakohoa.

Nauliza_Tu: Msinimeze jamani lakini huu si upendeleo? Hata mimi ningeongezewa muda ningefaulu.

Chaki_Nyeupe: @Nauliza_Tu swali halali. Nafundisha chuo, najibu kama mtunga mitihani. Kwanza jua pepa inapima nini. Mkalimani wa papo kwa papo spidi ni sehemu ya kazi, sawa, mpime spidi. Ila nikitaka kujua kama unaelewa figo inavyochuja damu, wepesi wako wa kusoma unaingiaje hapo? Na mimi sio msafi, miaka mingi nimekata maksi za herufi kwenye baiolojia, mtu kaeleza mchakato wote vizuri nikamnyima kwa kukosea kuandika jina la mshipa. Naona aibu. Halafu sio hisani, mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu wa 2006, kifungu cha 24, unagusa mpaka elimu ya juu.

Ila msidhani mtihani wa mdomo ndo dawa ya wote, kuna wenye disleksia wanaolijua neno kabisa na halitoki ulimini. Mimi nagawa maksi kwenye kazi kadhaa badala ya kuzirundika kwenye pepa moja, na maswali ya "siyo" nimeyafuta, maana hata wasio na shida yoyote walikuwa wanayakosa.

Nauliza_Tu: Hiyo ya "siyo" hata mimi imenilamba. Ila bado nina mashaka na hao wanaojifanya.

Mwandiko_Kuku: Kujifanya? Njoo usikie msimamizi anavyopaza sauti "wale wa muda wa ziada wabaki" ukumbi mzima unageuka, uone kama utajifanya. Anyway @Chaki_Nyeupe, nataka kompyuta inisomee maswali kwa sauti, naambiwa kwenye ripoti ya vipimo haijatajwa. Pepa wiki ijayo.

Chaki_Nyeupe: Usisubiri ripoti mpya. Kesho asubuhi muone mhadhiri wa somo, nenda na ile pepa ya "siyo" mkononi, na chumba cha pembeni omba hapohapo.