Kemia yangu eti "IMECHACHA"! Yule wa dirisha la udahili ana nini na mimi?

NesiMtarajiwa ameandika:

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, herufi zikiruka mnivumilie. Wasimamizi, msiuhamishie huu uzi jukwaa la vichekesho kama mlivyofanya ule mwingine.

Natoka dirishani sasa hivi. Ni yule yule. Simtaji, mnamjua, yule wa miwani inayoning'inia kwenye ncha ya pua na kalamu iliyofungwa kamba kana kwamba tumekuja chuoni kuiba wino. Nimepanga foleni tangu alfajiri, nimesimama mpaka nimeota mizizi. Kuna mama mbele yangu naapa alifika na mimba akaondoka na mtoto anayetembea. Zamu yangu ikafika, natoa cheti. Baiolojia, safi. Hesabu, safi. Akafika kwenye kemia, akanyamaza. Akaisukuma karatasi yangu kwa ncha ya kalamu, kwa NCHA YA KALAMU jamani, kama anasogeza mende aliyekufa, halafu akatangaza kwa sauti ya dalali: "Hii ya 2014. Kemia yako imechacha."

Imechacha!

Foleni nzima ikaangua kicheko. Kijana aliyekuwa nyuma yangu akaninusa. Sitanii, aliinama akanusa.

Eti kwa unesi masomo ya sayansi mwisho miaka 5, yakizidi unarudia, maabara na kila kitu. Mimi niliyeunguza nyusi zote mbili kwenye kichomeo cha Bunsen nikirudie kile chumba? Kwani sodiamu imeacha kuwa Na? Maji siku hizi yana hidrojeni 3? Moyo umeongezewa chumba cha tano? Kama elimu inachacha, yeye aliyekaa dirisha hilo tangu enzi za taipureta mbona hatujamrudisha chekechea?

Na hata kurudia ningekumeza. Kilichoniua ni ile ncha ya kalamu. Angeishika basi hata kwa vidole viwili! Na wewe uliyeninusa, kama umo humu, jitokeze.

Naomba kuwasilisha.

Nusu Kaputi:
Pole sana mkuu. Ila hapo kwa aliyekunusa nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta.

Mkasi Butu:
Chai. Nani ananusa mtu kwenye foleni ya udahili?

NesiMtarajiwa:
Mkasi Butu, ulikuwepo?

Mkasi Butu:
Sikuwepo, lakini kwa maelezo yako nahisi unanusika.

MzeeWaVipimo:
Kijana, punguza povu. Unasema kemia haijabadilika, wakati umesoma 2014. Mwaka 2016 jedwali la elementi liliongezewa majina manne, namba 113, 115, 117 na 118. Hiyo ya mwisho inaitwa oganesoni. Uliisoma?

NesiMtarajiwa:
Mzee wangu, shikamoo. Niletee mgonjwa mmoja tu aliyelazwa kwa upungufu wa oganesoni nami nitarudi darasani leo leo.

MzeeWaVipimo:
Marahaba. Hayupo, maana atomi zake zilizowahi kutengenezwa duniani zinahesabika kwa vidole. Lakini hujanijibu.

Nesi wa Zamu:
Samahani niwakate. Mimi niko kazini mwaka wa kumi na kitu, na kwa hili namtetea mtu wa dirishani. Potasiamu kwenye damu inatakiwa iwe kama 3.5 hadi 5.0, kwa milimoli kwa lita. Ukimpa mgonjwa kloridi ya potasiamu kali moja kwa moja kwenye mshipa bila kuizimua, moyo unasimama. pH ya damu, yaani kipimo cha uasidi wake, ni 7.35 hadi 7.45, ikitoka hapo kidogo tu wodi nzima inakimbia. Ndiyo maana wanataka kemia ikiwa bado kichwani, cheti kilichokaa kabatini hakimsaidii mgonjwa.

Nusu Kaputi:
Wa dirishani kajiunga na jukwaa 😂

NesiMtarajiwa:
Dada Nesi nakuheshimu, lakini hiyo potasiamu ulifundishwa uisogeze kwa ncha ya kalamu?

Kiroboto Mzee:
Tumalize ubishi. NesiMtarajiwa, bila kugugo, andika fomula ya kloridi ya kalsiamu. Tunakusubiri.

NesiMtarajiwa:
Hiyo ya watoto. CaCl.

Kiroboto Mzee:
...

MzeeWaVipimo:
CaCl2, kijana. Kalsiamu ina valensi 2, yaani inashika klorini mbili.

Mkasi Butu:
Harufu imenifikia huku.

Nusu Kaputi:
Fungueni madirisha 😂😂😂

NesiMtarajiwa:
Ni hasira! Mtu amesukumiwa cheti kama mende mnampa mtihani? Ile 2 ilidondoka kidole kikitetemeka, nilishasema mwanzoni herufi zitaruka!

Sindano ya Kushoto:
Acheni utani, mwenzetu anataka njia. Ziko kadhaa. Vyuo havifanani, kuna vinavyoweka miaka 5, vingine 7, na kuna visivyojali kabisa, kwa hiyo ulizia na kwingine kabla ya kulia. Kuna vinavyokuruhusu ufanye mtihani wa somo hilo bila kukaa darasani, ukifaulu umemaliza. Vinginevyo rudia kemia peke yake darasa la jioni, sehemu nyingine ni muhula mmoja tu. Ila wakujibu KWA MAANDISHI kwamba watalipokea hilo somo, kabla hujalipa chochote. Jibu la mdomo la dirishani usilitegemee.

NesiMtarajiwa:
Asante mkuu. Na je, kwa maandishi naweza kumuuliza kwa nini hakuishika kwa mkono?

BintiMaabara:
Wewe afadhali yako imechacha. Mimi alinirudishia mikrobiolojia ya MWAKA JANA, bado inatoa moshi! Kisa maabara nilifanyia mtandaoni. Nilipaka bakteria rangi ya Gram kwa kubofya kitufe, zambarau ikatoka vizuri kabisa kwenye skrini. Akaniangalia juu ya miwani akaniuliza, "Na hao bakteria, waliuawa kwa kubofywa?" Nikakosa jibu. Mpaka leo nikioga nalitafuta jibu.

Nesi wa Zamu:
Unawakausha kwanza, unawapitisha juu ya moto ili washike kioo, ndipo unatia rangi.

BintiMaabara:
Umechelewa dada.

Bandeji:
Nyinyi wote mnadeka. Sikilizeni yangu. Anatomia na fiziolojia hawanipi mpaka nifaulu kemia. Kemia imejaa, na kipaumbele ni kwa waliokwisha kudahiliwa unesi. Kudahiliwa unesi, sharti uwe na anatomia. Mwaka wa pili huu nazunguka. Najua sasa damu inavyojisikia: moyo kulia, mapafu, moyo kushoto, mwilini, halafu kulia tena, na hakuna anayekwambia umefika.

Kiroboto Mzee:
Bandeji umeielezea fiziolojia vizuri kuliko mwenye uzi na kemia yake.

Mkasi Butu:
Mwenye uzi bado anaitafuta ile 2.

Bandeji:
Mifupa nayo nimeshaikariri yote 206 nikisubiri nafasi. Nikikosa unesi nitakuwa fundi mifupa.

Kiroboto Mzee:
Mtoto mchanga anayo mingi zaidi, inaungana akikua. Usije ukamhesabia mtoto wa watu 206 ukasema mingine kaiba.

Bandeji:
Nani kakuuliza?

MzeeWaVipimo:
Nyinyi mnalia na darasa kujaa. Enzi zetu darubini moja watu thelathini, ukiinama jicho kengele imelia. Mpaka namaliza chuo, nilichowahi kukiona vizuri mle ni kope zangu mwenyewe.

Nusu Kaputi:
Mzee na wewe fungua uzi wako.

BintiMaabara:
Jamani kabla uzi haujafungwa, nauza koti la maabara. Saizi ya kati, mifuko miwili, vifungo vyote vipo. Nililinunua kwa ile maabara ya kubofya, kwa hiyo halijawahi kuona maabara. Lina doa moja la zambarau mkononi, ni wino wa kawaida. Njoo inbox.

Mkasi Butu:
Uliona haja ya kuvaa koti kubofya?

BintiMaabara:
Walisema lazima.

NesiMtarajiwa:
Koti bado lipo?