Naomba ushauri: kwa nini fitokromu A huvunjwa haraka kuliko B?

Jambo ndugu na dada wa kikundi, hasa walimu wa biolojia. Niko Bukavu, naandaa kazi ya kumaliza masomo juu ya fitokromu, yaani protini ambazo mimea huzitumia kuhisi mwanga.

Mche uliokua gizani hulimbikiza fitokromu A kwa wingi. Ukimulikwa na mwanga mwekundu, protini hiyo hubadilika umbo, hubandikwa yubikwitini, protini ndogo iliyo alama ya "ivunjwe" (protini iitwayo COP1 ni mmoja wa wabandikaji), kisha hukatwakatwa ndani ya proteasomu, mashine ya seli ya kuvunja protini. Saa chache tu, nyingi imekwisha! Fitokromu B, ndugu yake kabisa, huvumilia mwanga muda mrefu zaidi. Hapo ndipo nimekwama.

Nimeotesha maharagwe kwenye sanduku la giza, nikayatoa mwangani. Mashina yalipunguza kurefuka, majani yakawa kijani. Lakini hiyo inaonyesha tu kwamba mmea umehisi mwanga, si kwamba protini imevunjwa. Vifaa vya kupima protini hatuna.

Je, A ina nini mwilini mwake kinachoiharakishia kuvunjwa? Na kuna jaribio rahisi la kutenganisha kazi za hizo mbili, labda kwa mwanga mwekundu wa mbali, ule ambao jicho halioni vizuri?

Aksanti sana.